Tukishapaka, Tunaomba

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji sikumtazama daktari wala kisu. Nilitazama tumbo. Lilikuwa tumbo la mama mmoja mkulima wa kabichi, limewekwa wazi chini ya taa kubwa, na Matroni alinisukuma begani taratibu mpaka nikasimama karibu nalo.

"Litazame vizuri," akaniambia. "Watu wanadhani kazi yetu inaanza kwenye kisu. Kazi yetu inaanza hapa, juu ya ngozi."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka shule ya uuguzi, binti wa Kishambaa kutoka vijiji vya juu ya Lushoto, mtoto wa wazazi Waislamu waliolima karoti na viazi. Hospitali ilikuwa ya misheni ya Kilutheri, na jina lake nitaliacha, maana waliopo sasa hawahusiki na mambo ya zamani. Mama aliniaga akilia kwa sababu mbili, furaha ya mwanawe kupata kazi na hofu ya mwanawe kwenda kwa Wakristo. Hofu ile iliisha Ramadhani ya kwanza alipokuja kunitembelea akamkuta Matroni amenifunikia uji wa kufuturu kwa sahani, na ole wake atakayeugusa.

Matroni huyo alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo ambayo hata madaktari waliiogopa. Siku ile alinifundisha kwa kunionyesha, naye hakurudia jambo mara mbili. Mgonjwa alikuwa ameshaogeshwa kwa sabuni wodini. Matroni alichukua koleo refu, akalibana pande la shashi, yaani kitambaa chepesi cha pamba tunachofungia vidonda, akalichovya kwenye spiriti, akapangusa tumbo. Kisha akachukua shashi nyingine akaichovya kwenye aiodini, dawa yenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Akaanza pale daktari atakapokata, akazunguka kwenda nje, duara juu ya duara, hadi mbavuni na mapajani. Shashi ikishafika nje hairudi katikati. Inatupwa, inashikwa nyingine.

"Kwa nini isirudi?" nikauliza.

"Wewe ukishafagia uchafu hadi mlangoni unaurudisha sebuleni?"

Moyoni nilikuwa nimeduwaa, na hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Ngozi ya mtu, wanangu, hata ya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi, imejaa vijidudu. Wanaishi juu yake tangu siku anazaliwa, wengine wamejichimbia kwenye vinyweleo, na hawamdhuru kitu. Ngozi inawazuia wasiingie ndani. Lakini kisu kikipita kinawafungulia, na wakishuka tumboni wanakuwa usaha, homa, na pengine jeneza. Mikasi na makoleo tunaviingiza kwenye otoklevu, lile pipa la mvuke mkali linaloua kila chenye uhai. Ngozi haichemshwi. Inabidi uibembeleze kwa dawa, juu juu, na uombe muda ukutoshe. Kwamba mtu anaweza kufunguliwa tumbo, akashonwa, akarudi shambani kulima kwa sababu tu mtu fulani alimpaka rangi ya chai kwa uangalifu, mimi jambo hilo halijaacha kunishangaza hadi leo.

Tumbo likang'aa chini ya taa. Daktari alikuwa amesimama, mikono imekunjwa kifuani ndani ya glavu. Nikadhani sasa atakata.

"Sasa?" nikamnong'oneza Matroni.

"Tukishapaka, tunaomba. Tukishaomba, tunafunika na kukata. Usije ukageuza."

Wote wakainamisha vichwa. Matroni akaomba kwa Kiswahili, akamtaja mgonjwa kwa jina, akamtaja daktari, akaitaja mikono ya kila mmoja wetu, kisha wakasema Baba Yetu pamoja. Mimi nilisoma Fatiha kimoyomoyo, na kwa kuwa nilikuwa mgeni sikufumba macho sawasawa. Nikaona kitu. Wengine wote walikuwa wamefumba, ila Matroni alikuwa macho kodo, analitazama tumbo. Baada ya Amina ndipo shuka za kijani zikatandazwa pembeni, likaachwa wazi dirisha dogo la ngozi, na kisu kikatolewa.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na sikumbuki vidonda vilivyooza isipokuwa mara mojamoja. Baadaye akastaafu, akarudi kwao kufuga kuku. Mimi nikahamishiwa kituo cha afya upande wa Bungu.

Huko hatukufungua matumbo. Tulifanya tohara, tulipasua majipu, tulishona watu waliojikata kwa panga shambani. Mganga Mfawidhi wa kituo, ndiyo cheo cha anayekiongoza, alikuwa mtu wa utani mwingi. Watu wa Bungu walikuja na udongo wa shamba hadi kwenye magoti, wengine kidonda kimeshapakwa majani yaliyopondwa na bibi. Siku moja, kwa haraka zangu, nikaikimbilia chupa ya aiodini.

"Sista Zaina," akaniita, "sabuni kwanza. Aiodini juu ya tope ni rangi ya ukuta tu. Inapendeza, haisaidii."

Tulicheka sana siku hiyo. Neno lile la rangi ya ukuta nililibeba bila kujua litanirudia wapi.

Niliporudishwa hospitalini milimani, nilikuta Daktari Mkuu mpya. Alikuwa kijana kidogo, mpasuaji hodari, mtu wa tambarare ambaye baridi ya kwetu ilimtesa waziwazi. Alivaa sweta chini ya koti lake la kidaktari. Na kwa kuwa alijua baridi ni nini, aliwahurumia wagonjwa. Aliona jinsi mtu anavyolala pale uchi, ukungu umejaa hadi dirishani, tumbo limelowa dawa, meno yanagongana, na sisi tumeinamisha vichwa tunaomba.

"Jamani," alikuwa amewaambia wenzangu kabla sijarudi, "Mungu anasikia hata tukiwa koridoni. Tumwombee mgonjwa nje, akiwa amejifunika blanketi na ndugu zake wamemzunguka. Humu ndani tumhudumie upesi asiteseke."

Nani angepinga? Nami nilipofika nililipenda jambo hilo kuliko wote. Koridoni Walutheri waliimba ubeti mmoja, Wakatoliki walipiga ishara ya msalaba, na Waislamu walisoma dua zao bila kuona haya, mama na shangazi wakiitikia. Kisha mgonjwa aliingizwa ndani, akapakwa aiodini, na ili asitetemeke na shuka zisilowe, dawa ile ilifutwa papo hapo kwa shashi kavu safi. Shuka zikatandazwa, kisu kikafanya kazi yake. Kila kitu kilikwenda upesi, tena kwa upole.

Lakini wodi ilikuwa inanuka. Nililisikia jambo hilo siku niliyoripoti, kabla sijaambiwa. Anayeijua harufu ya usaha hasubiri kuambiwa. Mgonjwa alitoka chumba cha upasuaji vizuri, akaanza kunywa uji, akacheka na ndugu zake, na baada ya siku chache mshono unavimba, unakuwa mwekundu, unatoa moto, kisha unafumuka. Mama mmoja kijana hakurudi nyumbani kwake, nami sitamwelezea zaidi ya hapo.

Tulitafuta mchawi wetu kila mahali. Tukabadilisha mpira wa mlango wa otoklevu. Tukasugua kuta hadi rangi ikabanduka. Tukaagiza aiodini mpya, tukadhani ile ya zamani imeharibika. Tukachunguzana kucha kama watoto wa shule. Tukaanza na kutazamana vibaya, kila mmoja akimdhania mwenzake. Daktari Mkuu alikonda. Alfajiri alikuwa wa kwanza wodini, anainama na kunusa bandeji moja baada ya nyingine, na ukimwona uso tu unajua amekuta nini.

Watu wa vijijini nao walikuwa na jibu lao, na hawakulificha. Mzee mmoja aliyepasuliwa ngiri, mshono wake ukiwa umefumuka, alimshika Daktari mkono akamwambia mbele yetu sote:

"Mghoshi, usijichoshe. Mmemtoa Mulungu nje, mkamfungia mlango. Sasa mnashangaa nini?"

Mghoshi ni namna ya Kishambaa ya kumwita mwanaume kwa heshima. Daktari alikuwa Mkristo wa kweli, na neno lile lilimchoma. "Mzee wangu, hatukumtoa," akajibu. "Tunamwomba hapo nje kila siku." Mzee akatikisa kichwa, akageukia ukutani.

Katika hali hiyo ndipo aliponifikia mdogo wangu, Hadija.

Hadija aliolewa Mponde kwenye mashamba ya chai, na kwa miaka mingi mimba zake zilikuwa zinaharibika. Hii ilikuwa imefika mwisho, ya kwanza kufika. Mtoto akawa amelala mlalo tumboni, hageuki, na mtoto wa namna hiyo hazaliwi ila kwa kisu. Mama alikuja naye, ameshika kanga kwa mikono miwili kama anayezuia kitu kisidondoke.

"Zaina," akaniambia pembeni, "hapa kwenu watu wanaoza. Nchi nzima inajua. Mpeleke mwanangu Tanga."

"Mama, barabara imekatika. Masika yameshusha mlima mzima njiani. Hata gari la hospitali halipiti."

"Basi niambie atapona."

Sikuweza kumwambia. Nimewaambia wengi neno hilo katika maisha yangu, lakini siku ile, kwa mdogo wangu wa tumbo moja, ulimi ulikataa. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Koridoni mama alisoma dua hadi sauti ikamkauka. Daktari Mkuu alinikataza kunawa na kuvaa glavu. "Leo wewe ni ndugu," akasema. "Kaa kichwani, mshike mkono." Mtaalamu wa usingizi, mzee wa kanisa mwenye maneno machache, akamchoma Hadija sindano ya mgongo, ile ya ganzi inayolaza mwili kuanzia chini ya kifua huku mtu akiwa macho. Muuguzi mwenzangu akapaka aiodini, duara juu ya duara, vizuri kabisa, kisha akashika shashi kavu ili aifute.

"Dada," Hadija akaniita, "sasa wanafanya nini?"

"Wamekusafisha. Wanataka kuanza."

"Na dua?"

"Imesomwa koridoni, si umesikia?"

"Ile ilikuwa ya mama. Yangu bado."

"Hadija, tafadhali..."

"Sikatwi!" Sauti yake ilijaa chumba. "Wanawake wodini wameniambia yote. Mimi sijafikisha mtoto huyu hapa ili aingie mahali Mungu amebaki mlangoni. Mwacheni aingie kwanza. Halafu kateni mnavyotaka."

Muuguzi alibaki ameinua shashi hewani. Nilimtazama Daktari nikijua ana haki ya kukasirika. Mtoto alikuwa anangojwa, na amri ile ya kuombea nje ilikuwa yake mwenyewe. Alivuta pumzi chini ya barakoa.

"Weka shashi chini," akamwambia muuguzi. "Sista Zaina, msomee mdogo wako."

Nilisoma Fatiha kwa sauti, mahali ambapo miaka yote niliisoma kimoyomoyo. Hadija akaifuata neno kwa neno, machozi yakimwingia masikioni. Nilipomaliza, mzee wa usingizi, bila kuombwa na mtu, akaanza Baba Yetu kwa sauti nzito, na chumba kizima kikamfuata. Nami nikainua macho nikamwona Daktari Mkuu. Midomo yake inaomba, lakini macho yake yalikuwa wazi, yamekazwa kwenye tumbo la ndugu yangu.

Nikalitazama na mimi. Mwanzoni lilikuwa linang'aa chini ya taa kama sakafu iliyotoka kupigwa deki. Kisha taratibu, wakati sala inaendelea, mng'ao ukaanza kurudi nyuma. Ulianza mbavuni, ukaacha mapaja, ukasogea kuelekea kitovuni, hadi ikabaki rangi peke yake, imefifia, imeshikamana na ngozi.

"Amina."

Daktari hakunyoosha mkono kuomba kisu. Alisimama.

"Tazameni," akasema polepole. "Imekauka." Akatuzungushia macho. "Mara ya mwisho kuona tumbo kavu kabla sijakata ni lini?"

Jibu lilitujia sote kwa pamoja. Dawa ile inaua vijidudu kwa kukaa juu ya ngozi na kukaukia hapo. Ikifutwa ingali mbichi, inaondoka na kazi yake. Jambo hilo tulilisoma shuleni, kila mmoja wetu, na ungetuuliza kwenye mtihani tungepata alama zote. Hakuna aliyelisahau. Tusichojua ni kwamba miaka yote tulikuwa hatuingojei dawa. Tulikuwa tunaomba, na dawa inakauka. Siku sala ilipohamia koridoni, kungoja kulihama nayo, na mahali pake pakaingia huruma yetu na shashi kavu. Neno la Bungu likanirudia kichwani. Tulikuwa tunawapaka watu rangi ya ukuta.

"Kisu," Daktari akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu nisichowahi kukisikia ndani yake.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka kimya, tukakata tamaa kidogo, kisha akapiga kelele iliyofika koridoni, maana nilisikia kigelegele cha mama kabla hata hatujamkata kitovu.

Lakini furaha yangu niliifungia. Kuzaa ilikuwa nusu ya safari, na mshono ndio ungesema mengine. Siku zilizofuata nilikuwa nikiingia wodini roho mkononi. Nilimgusa Hadija paji la uso kwa visingizio, mara namrekebisha kanga, mara namfukuza nzi asiyekuwepo, mpaka akaniambia, "Dada, utanichubua." Siku ya kufungua bandeji, Daktari Mkuu alikuja mwenyewe. Akaondoa gundi taratibu, akainua shashi. Akainama kunusa kama alivyozoea.

Ulikuwa mstari mwembamba, mkavu, umefungana kama mkunjo wa karatasi. Hakuna wekundu, hakuna joto. Daktari aliutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatoka hadi barazani, akasimama akiangalia ukungu bondeni, na mabega yake yakawa yanatikisika. Sikumfuata. Mama ndiye aliyemfuata, akamwekea mkono mgongoni kama anavyomwekea mtoto wake.

Kesho yake sala ilirudi ndani. Mgonjwa alifunikwa blanketi kifuani na miguuni, tumbo pekee likabaki wazi, kwa hiyo baridi nayo ikapatiwa dawa. Asiyetaka kuombewa tulimngojea kimya, urefu uleule. Sisemi kwamba hakuna mshono uliooza tena, kazi hii haina ahadi hiyo. Lakini harufu ile iliondoka wodini, na madirisha yakafunguliwa kwa ajili ya hewa, si kwa ajili ya kufukuza uvundo.

Hadija hadi leo anasema ilikuwa dua. Nikimweleza habari za aiodini ananisikiliza kwa adabu, ananimiminia chai ya shambani kwao, kisha ananiuliza: "Na nani alinitia ubishi ule siku ile, mimi mwoga wa sindano?" Hapo huwa tunabadilisha mazungumzo.

Baada ya mambo hayo nilipanda kwenda kumwona Matroni wangu wa kwanza. Nilimkuta amezeeka, amezungukwa na kuku, sauti ndogo ileile. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo, nikamsimulia yote. Kisha nikamuuliza swali lililokuwa likinikosesha raha.

"Matroni, wewe ulikuwa hufumbi macho. Ulikuwa unaangalia dawa ikikauka, siyo?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, nilikuwa naangalia nzi! Nzi hajui kwamba watu wanaomba."

"Kwa hiyo hukujua?"

Akamtupia kuku punje. "Nilikuta hivyo. Aliyenifundisha aliniambia, ukishapaka, omba. Naye alikuta hivyo. Nani alianza, na kama alijua, au aliongozwa, mimi sijui. Nilijua tu kwamba haligeuzwi."

Nilishuka mlima ule nikitembea polepole.

Siku hizi nimestaafu. Nasikia vijana mna dawa mpya, klorheksidini isiyo na rangi ya chai, na saa kubwa ukutani inayowaambia mngoje kiasi gani, na orodha ya usalama mnayosomeana kwa sauti kabla ya kukata. Nyembe tulizonyolea wagonjwa mmezitupa, kwa kuwa zilikwangua ngozi na kuwafungulia vijidudu njia. Mmefanya vyema. Sina ugomvi na saa.

Mwaka jana nilipata uvimbe begani, wa mafuta tu, si wa kutisha, nikaenda kutolewa palepale nilipofanya kazi. Nilijilaza kifudifudi juu ya meza ambayo maisha yangu yote niliizunguka na sikuwahi kuilalia. Hakuna aliyenijua. Sikujitambulisha, nilitaka kuona. Sindano ya ganzi ilikuwa bado. Nikahisi ubaridi wa dawa begani, duara juu ya duara, kutoka katikati kwenda nje. Nikajikuta nazihesabu shashi kwa masikio: hii imetupwa, hii mpya. Kisha mikono ikaniachia.

"Bibi," akasema muuguzi, sauti ya binti mdogo, "tukishapaka, huwa tunaomba. Wewe unaombaje?"

Nikamwambia, "Nisomeeni yoyote, mimi nitaitikia."

Wakaanza. Na wakiwa katikati ya sala nikaihisi ngozi yangu, kidogo kidogo kuanzia pembeni, inaacha ubaridi, inakaza, inakauka. Ilifika katikati wakati wanasema Amina. Nami nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili, hata daktari akaniuliza kama ninaumwa.